Nimeambiwa nina jini mahaba, na ndoa yangu inakaribia

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 32, Mkatoliki, mtoto wa katekista, na ninafanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja mjini Arusha, mara nyingi zamu ya usiku. Nakuandikia kwa sababu mama wa mchumba wangu ameniwekea sharti ambalo sijui nilipokeeje, na kila ninayemwomba ushauri nyumbani tayari ana upande wake.

Miaka sita iliyopita nilikuwa na mchumba ambaye familia zetu zilikuwa zimekwisha kukubaliana, na nusu ya mahari ilikuwa imetolewa. Alifariki kwa ajali ya pikipiki wiki chache kabla ya ndoa. Aligongana usiku na lori lililokuwa likitembea bila taa. Baadaye nilivishwa pete na mwanaume mwingine, lakini uchumba huo ulivunjika bila ugomvi wowote. Alihamishiwa Dodoma kikazi, simu zikapungua, na hatimaye nikasikia kwamba ameoa. Mchumba wangu wa sasa ni mtu mpole na mchapakazi, barua yake ya posa imekwisha kujibiwa, tumeanza mafundisho ya ndoa parokiani, na ndoa imepangwa kufungwa baada ya Pasaka.

Kuna jambo ambalo limekuwa likinisumbua tangu msiba ule. Ninaporudi asubuhi kutoka kazini na kulala, mara nyingine ninaamka nikiwa siwezi kusogeza hata kidole. Macho yanakiona chumba kama kilivyo, pazia, meza, sare yangu ya kazi iliyotundikwa mlangoni, lakini kifua kimelemewa kana kwamba mtu amenikalia, na mara kadhaa nimeona kivuli cha mwanaume kimesimama pale pale penye sare. Marehemu bibi alikuwa akituambia kuwa hilo ni jinamizi, na kwamba tulale kwa ubavu. Nilimsimulia wifi yangu mtarajiwa jambo hili siku tulipokwenda pamoja kuchagua vitenge vya sendofu.

Muda si mrefu baada ya hapo mama mkwe wangu mtarajiwa, ambaye si Mkatoliki na anasali katika huduma moja ya maombezi, aliniita akaniambia kwamba mtumishi wake amefunuliwa kuwa nina jini mahaba, mume wa kipepo aliyenioa tangu utotoni, mwenye wivu, na kwamba ndiye aliyemuua mchumba wangu wa kwanza na kumfukuza wa pili. Akasema kwamba mwanawe atakuwa wa tatu. Sharti lake ni kwamba kabla ya ndoa nihudhurie mikesha saba ya ukombozi, nifunge bila chakula wala maji katika siku za mikesha hiyo, nitoe sadaka ya kuvunja agano ambayo inakaribia mshahara wangu wa mwezi, na nipeleke madhabahuni vitu vyote vilivyotoka kwa marehemu ili vichomwe. Kilichobaki kwangu ni kimoja tu, saa yake ya mkononi, ambayo mama yake alinikabidhi baada ya maziko. Kioo chake kimepasuka na mkanda wake nimeushona mwenyewe.

Nilipopelekwa kumsalimia mtumishi huyo, aliniuliza mbele ya watu kama ndotoni huwa ninalala na mwanaume. Nilishindwa kujibu, na kushindwa kwangu kukachukuliwa kuwa ndilo jibu.

Mchumba wangu anasema niende tu, kwamba maombi hayajawahi kumdhuru mtu, na mama yake atatulia. Baba anasema nikikanyaga huko hatanisindikiza altareni, kwa sababu katekista ambaye binti yake anakwenda kutolewa mapepo kwa watu wengine hana tena cha kuwafundisha wakatekumeni. Mimi katikati yao nilichukua Biblia ya baba nikasoma Kitabu cha Tobiti, ambacho nilikisikia tu utotoni, na badala ya kupata faraja nikapata hofu. Sara binti Ragueli aliolewa na wanaume saba, na wote wakauawa na pepo Asmodeo usiku wa ndoa. Nilikuwa nikidhani jini mahaba ni maneno ya mitaani, kumbe yumo katika Maandiko.

Je, Shangazi, huyu wangu ndiye yule? Nikiolewa na huyu kijana akafa, si nitakuwa nimemuua mimi? Siku nyingine nikitoka kazini ninajiona kwamba ingekuwa afadhali ningekuwa mimi juu ya pikipiki ile. Niende kwenye mikesha au nisiende? Na baba yangu nimwambie nini?

Binti wa Katekista, Arusha


Marahaba, mwanangu.

Kabla ya jambo lolote lingine, naomba nishike sentensi uliyoiweka karibu na mwisho kana kwamba ni ya kupita tu, ile ya kwamba ingekuwa afadhali ungekuwa wewe juu ya pikipiki. Sitaki ipite. Wiki hii hii, kabla hujaamua lolote kuhusu mikesha wala ndoa, mtafute mtu mmoja unayemwamini, mama yako, rafiki, sista wa parokiani au daktari, umwambie sentensi hiyo kama ulivyoniandikia mimi. Na siku wazo hilo likikujia kwa nguvu zaidi, usikae nalo peke yako chumbani. Nenda hospitali au mwite mtu aje akae nawe. Sisemi hivi kwa sababu nakuona dhaifu. Nasema hivi kwa sababu umebebeshwa vifo vya watu, kimoja kilichotokea na kingine ambacho hakijatokea, na hakuna bega la binadamu linaloweza kubeba mzigo kama huo likiwa peke yake.

Sasa nilirudie tatizo lako kama ninavyolielewa, nawe unisahihishe moyoni mwako pale nitakapokosea. Kwa juu linaonekana kuwa swali la kwenda au kutokwenda kwenye mikesha. Chini yake kuna swali la kama kweli yupo pepo anayekumiliki. Na chini kabisa, nadhani, ndipo lilipo linalokuumiza: umeambiwa kwamba kumpenda mtu kwako ni kumuua. Maswali haya matatu hayajibiwi kwa pamoja, na mtu anaweza kulijibu moja vizuri huku akiacha mengine yakimtafuna.

Umekwenda kwenye Tobiti, na nafurahi kwamba ulikwenda huko, lakini nahisi ulisoma kwa macho ya mtu ambaye tayari ameshitakiwa. Hebu tukisome tena pamoja, polepole. Katika sura ya tatu, anayemwambia Sara kwamba ndiye anayewaua waume zake si Mungu wala malaika, wala pepo mwenyewe. Ni mjakazi wa nyumbani kwa baba yake. Asmodeo hatamki neno hata moja katika kitabu kizima; mashitaka yote yanatoka vinywani mwa watu. Na tazama linalofuata. Sara anapanda chumba cha juu akitaka kujinyonga, kisha anasita kwa kumfikiria baba yake, kwamba watu watamsimanga mzee kuwa alikuwa na binti mmoja tu, naye amejiua kwa uchungu. Badala ya kujinyonga anasimama dirishani anasali, na katika sala hiyo anasema waziwazi kwamba hana doa. Mwandishi wa kitabu hasahihishi maneno hayo. Anaandika kwamba sala yake ilisikiwa saa ile ile na ya Tobiti, mzee kipofu wa Ninawi, na kwamba malaika Rafaeli alitumwa kwa ajili yao wote wawili. Maana yake ni kwamba mbinguni Sara anahesabiwa miongoni mwa walioonewa. Hakuna aliyempeleka mahali popote akatubu, hakuna aliyemtoza kitu, hakuna aliyemuuliza maswali ya chumbani mbele ya watu. Aliyekuwa na kazi ya kufanya ni bwana harusi: Tobia, mwana wa mzee Tobiti, ndiye aliyechoma moyo na ini la samaki juu ya ubani, pepo akakimbilia Misri ya juu na Rafaeli akamfunga huko, kisha mume na mke wakasimama wakasali pamoja.

Ni kweli kwamba katika nakala za kale za Kigiriki kuna mahali Tobia anaposema pepo huyo anampenda binti na hamdhuru yeyote isipokuwa wanaomkaribia, kwa hiyo sishangai kwamba ulimwona jini mahaba pale. Hofu hiyo ni ya zamani sana. Lakini wafasiri wengi wa Biblia, Wakatoliki wakiwemo, wanakisoma Kitabu cha Tobiti kama simulizi la kufundisha na si kumbukumbu ya matukio, na jirani zako wengi Waprotestanti hawanacho kabisa katika Biblia zao. Sikwambii hayo ili ukidharau. Nakwambia ili ujiulize kama kitabu kilichoandikwa kuwatia moyo watu walioonewa kinaweza kutumika kwa haki kumhukumu mwanamke mwingine aliyeonewa.

Unauliza kama huyu wako ndiye yule. Mimi siwezi kuona ulimwengu usioonekana, na namwogopa kidogo mtu anayedai kuuona kwa urahisi. Ninachoweza kukueleza ni jinsi habari za mapepo wapendao wanawake zilivyosafiri hadi zikafika mlangoni kwako. Sura ya sita ya Mwanzo inasema kwa mistari michache tu kwamba wana wa Mungu waliwatamani binti za wanadamu, na kwamba siku zile Wanefili walikuwako duniani. Kitabu cha Henoko, ambacho kimehifadhiwa kizima kwa lugha ya Kigeez na kimo katika Biblia ya Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia, kiliipanua mistari hiyo kikasimulia malaika 200 walioshuka juu ya mlima Hermoni na kujitwalia wake, na kwamba roho za watoto wao majitu ndizo zikawa pepo wachafu. Karne nyingi baadaye Mtakatifu Agustino alitaja habari zilizovuma katika siku zake, za viumbe waliosemekana kuwaendea wanawake usiku, lakini yeye mwenyewe hakuthubutu kukata shauri juu ya jambo hilo. Unyamavu wa mwalimu mkubwa kama yule una uzito wake.

Waliokuja baadaye hawakuwa na unyamavu huo. Mwaka 1485, katika mji wa Innsbruck, mtawa Heinrich Kramer aliwashitaki wanawake kadhaa kwa uchawi, na mahakamani akaanza kumhoji mmoja wao, Helena Scheuberin, juu ya mambo yake ya faragha na wanaume. Wajumbe wa askofu waliyakataa maswali hayo, wanawake wakaachiwa, na askofu akamtaka Kramer aondoke mjini. Akaondoka, akaandika kitabu kilichosambaa Ulaya nzima, chenye kurasa nyingi juu ya mapepo wanaolala na wanawake, na wengi wakateseka kwa sababu yake. Nimekumbuka habari hiyo niliposoma swali ulilorushiwa mbele za watu. Mwanangu, kushindwa kujibu swali la aina ile ni heshima uliyolelewa nayo. Haiwezi kuwa ushahidi wa kitu chochote.

Naye Asmodeo, ambaye katika Tobiti anafungwa na habari yake inaishia hapo, hakuachwa apumzike. Mwaka 1589 Peter Binsfeld, askofu msaidizi wa Trier, aliorodhesha wakuu saba wa mapepo kwa dhambi saba, na Asmodeo akapewa uzinzi. Katika mji wa Loudun, Ufaransa, jina lake lilitajwa miongoni mwa mapepo waliosemekana kuwamo ndani ya mama mkuu wa watawa wa Kiursula; watu walifika kutoka mbali kutazama mapepo yakiamriwa yaseme, mapepo yakamtaja padre Urbain Grandier kuwa ndiye aliyeyatuma, na mwezi Agosti 1634 padre huyo akachomwa moto akiwa hai. Ungetarajia kwamba baada ya hapo watawa wangepona. Hawakupona, mambo yale yaliendelea kwa miaka kadhaa, ingawa aliyetajwa kuwa chanzo alikuwa majivu. Habari hiyo naiweka mbele yako kwa sababu umeahidiwa kwamba baada ya mikesha saba jambo litakwisha, na ni haki yako kuuliza mapema: likionekana halijakwisha, nani atatajwa?

Sasa niulize kwa upole juu ya ushahidi wenyewe. Ufunuo ulikuja baada ya wewe kumsimulia wifi yako habari ya jinamizi. Simtuhumu wifi yako kwa nia mbaya; huenda alimweleza mama yake kwa kukuhurumia, na mama akampelekea mtumishi ombi lake kama waumini wanavyofanya. Lakini jambo lililotoka kinywani mwako likarudi kwako likiitwa ufunuo linastahili kupimwa. Mchumba wako wa pili hakudhuriwa na kitu. Yuko hai, ameoa, na kuhama kikazi na kupoa kwa simu ni habari inayowapata watu wengi wasiosingiziwa jini. Na wa kwanza, Mungu amrehemu, aligongana na lori lisilo na taa. Uliandika hivyo mwenyewe. Kwa nini dereva aliyeingia barabarani gizani bila taa ametoka kabisa katika simulizi hili, na ukabaki wewe?

Kuhusu kivuli kinachosimama penye sare yako, nakuamini kabisa kwamba unakiona, na kwamba kifua kinalemewa kweli. Bibi yako alikuwa anajua alichokisema. Tunapokuwa katika ule usingizi wa ndoto, mwili hulegezwa ili tusiigize ndoto zetu, na mara nyingine akili huamka kabla ya mwili kufunguliwa. Hapo mtu huona chumba chake halisi na ndoto yake kwa pamoja, hukosa nguvu za kusogea, na mara nyingi huhisi kwamba kuna mtu mwingine chumbani. Hali hii huwapata zaidi wanaokosa usingizi wa kutosha, wanaofanya zamu za usiku, wenye msongo na majonzi, na wanaolala chali. Wewe unayo karibu yote hayo. Mweleze daktari, na kama inawezekana mwombe msimamizi wako kazini akupunguzie zamu za usiku katika miezi hii. Ukilala vizuri na kivuli kikapungua, utakuwa umejifunza jambo. Kisipopungua, bado hutakuwa umethibitisha kwamba kimekuoa.

Tuzitazame njia zilizo mbele yako. Sitakuchagulia, kwa sababu mimi sitaishi katika nyumba hiyo.

Unaweza kwenda kwenye maombi ya mama mkwe kwa nia ya amani. Wako watu waliotoka kwenye maombi ya namna hiyo wakiwa wepesi moyoni, na mama ambaye ameona umenyenyekea anaweza kukupenda maisha yako yote. Hatari yake ni kwamba kwa kwenda utakuwa umekubali mbele ya mashahidi kwamba yule jini yupo, na kila homa ya mtoto baadaye itarudishwa kwake, yaani kwako. Ukiamua kwenda, nakusihi uweke mipaka mapema na mchumba wako aiseme kwa mama yake kwa kinywa chake: uende na mtu wako, usiulizwe mambo ya faragha hadharani, usiguswe na mwanaume yeyote usiyeridhia, usitoe fedha iliyopangiwa kiwango, na usifunge bila maji. Juu ya hili la mwisho sina nafasi ya kulegeza. Mwaka 1976 nchini Ujerumani, Anneliese Michel, binti wa miaka 23 aliyekuwa na kifafa, alifariki kwa kukosa lishe na maji baada ya miezi mingi ya sala za kupunga pepo, na mwaka 1978 mahakama ikawatia hatiani wazazi wake na mapadre wawili kwa uzembe uliosababisha kifo. Wote wanne walikuwa wakimtakia mema.

Unaona kwamba habari hiyo ni ya Wakatoliki, na sala zile zilikuwa na ruhusa ya askofu. Kwa hiyo ninapotaja njia ya pili, ya kwenda kwa paroko wako, sisemi kwamba huko hakuna hatari kamwe. Lakini kuna vizuizi ambavyo ni vizuri uvijue. Kanuni ya 1172 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inakataza mtu yeyote kumpunga aliyepagawa bila ruhusa maalumu ya askofu wa mahali, na ruhusa hiyo hupewa padre mwenye uchaji, elimu, busara na maisha safi. Tangu mwaka 1614 kitabu cha ibada kilimwonya padre asiamini kwa urahisi kwamba mtu amepagawa, na siku hizi Kanisa linataka kwanza ihakikishwe kwamba si ugonjwa. Paroko anaweza kukusikiliza, kukupa baraka, kuwaombea ninyi wawili kwa utulivu, na pengine kukubali kuzungumza na mama mkwe. Ugumu ni kwamba mama anaweza kuona dhehebu lake limedharauliwa, na sala fupi ya paroko ikahesabiwa kwake kuwa si kitu.

Njia ya tatu ni kukataa kwa heshima na kuendelea na ndoa kama ilivyopangwa. Utakuwa umelinda nafsi yako, lakini utaingia katika ukoo ambao mtu mmoja anakutazama kwa woga, na woga wa mama kwa mwanawe si kitu cha kubeza. Katika Tobiti, usiku ule ule ambao Tobia na Sara wamelala salama, Ragueli anaamka anachimba kaburi la mkwe wake gizani, ili akifa azikwe kabla majirani hawajajua. Alikuwa mtu mwema, tena baba wa bibi harusi, na alichimba hata baada ya kuwabariki. Ilibidi mjakazi aingie na taa, arudi aseme wako hai wamelala, ndipo watumishi wakaagizwa kulifukia kabla ya mapambazuko. Nadhani mama mkwe wako naye anachimba namna hiyo. Ukiweza kumwona hivyo, pengine mazungumzo yenu yatakuwa tofauti hata kama jibu lako litakuwa hapana.

Inawezekana pia kuisogeza ndoa mbele kidogo, upate kulala, kumlilia marehemu vizuri zaidi, na kusikia majibu ya watu. Aibu ya kusogeza tarehe baada ya ndoa kutangazwa kanisani ni kubwa kuliko ya kuisogeza kabla, kwa hiyo kama wazo hilo limo moyoni mwako, liseme mapema.

Kwa njia yoyote utakayoifuata, kuna mazungumzo ambayo kwangu yanatangulia yote, nayo ni ya wewe na mchumba wako. Ameniacha na maswali. Anaposema maombi hayajamdhuru mtu, je, anajua kwamba umeulizwa swali lile mbele za watu? Anajua kwamba unatakiwa usinywe maji? Yeye mwenyewe anaamini kwamba utamuua, au anatafuta tu nyumba itulie? Muulize, si kwa ugomvi, siku mtoto wenu akiugua na mama akasema jini amerudi, yeye atasimama wapi. Katika kitabu ulichokisoma, Tobia alikuwa amesikia habari za wanaume saba na aliogopa, na akasema wazi kwamba anaogopa. Kisha akaingia chumbani, na sala ikasaliwa na wawili. Kama mchumba wako naye anaogopa, afadhali akwambie wewe kuliko kukutuma peke yako ukamwondolee woga wake.

Saa ya marehemu ni yako. Ulipewa na mama aliyefiwa, kwa mikono yake, na kumbukumbu ya mtu uliyempenda haiwi agano na pepo kwa sababu tu mtu mwingine ameiita hivyo. Siku ukitaka kuirudisha kwa mama yule, au kuihifadhi, au kumwonyesha mchumba wako na kumsimulia habari zake, uamuzi huo uufanye ukiwa umelala na umekula, na asikuharakishe mtu.

Lililobaki ni baba. Nahisi hujamwambia habari yote. Amesikia mikesha na huduma ya watu wengine, akaona heshima yake ya ukatekista inavunjwa. Sidhani kama amesikia kwamba binti yake ameambiwa ni muuaji, au kwamba asubuhi anaona kivuli mlangoni, au habari ya pikipiki. Mkae wawili, mfungulie Tobiti sura ya tatu, mahali pale Sara anapomfikiria baba yake, kisha umsomee barua hii uliyoniandikia mimi. Yeye anaifahamu sura hiyo kuliko wewe na mimi. Huenda bado atasema hatakusindikiza, na hilo litakuuma. Lakini atakuwa anamkatalia binti aliyemsikiliza, na kutoka hapo mnaweza kuendelea kuzungumza mpaka siku ya ndoa, itakapokuwa.

Wako,
Shangazi